Kitambua moshi cha kujitengenezea nyumbani: mwongozo kwa anayeanza

Kila ninapomaliza kumwelekeza mtu mmoja namna ya kuunganisha kitambua moshi, hutokea mwingine na maswali yale yale matatu: kwa nini kinalia chenyewe bila moshi, kwa nini betri inakwisha upesi, na kwa nini baza, yaani king'ora chake kidogo, haitoi sauti ilhali nyaya zote zimefuata mchoro. Nimeona ni afadhali niyaandike majibu mahali pamoja, kwa mpangilio wa hatua, ili hata ambaye hajawahi kushika chuma cha kulehemu aweze kuanza asubuhi na kupata saketi inayofanya kazi jioni, ukiondoa siku moja au mbili za kukipasha moto kihisi ambazo hazina njia ya mkato.

Kwanza tuwekane sawa juu ya kile unachokitengeneza. Hiki ni chombo cha kujifunzia na cha nyongeza. Hakichukui nafasi ya kitambua moshi cha dukani kilichopimwa na kuthibitishwa, hasa katika nyumba ambamo watoto na wazee wanalala. Wala hakikulindi dhidi ya hewa ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye jiko la mkaa, hewa ambayo haina harufu wala rangi, kwa hiyo usije ukalala na jiko chumbani eti kwa sababu kuna kifaa ukutani. Na kama una kitambua moshi cha zamani kilichoharibika ambacho ungependa kukifungua utoe vipuri, angalia maandishi ya nyuma: aina nyingi za zamani zina chembe ya amerisiamu-241, ambayo ni madini ya mionzi, na kile kikopo chake kidogo cha bati hakipaswi kufunguliwa kabisa.

Jinsi kinavyofanya kazi, kwa ufupi

Tutatumia kihisi kiitwacho MQ-2. Ndani yake mna unga wa oksidi ya bati uliopakwa kwenye kijibomba kidogo, na ndani ya kijibomba hicho mna waya wa kukipasha moto. Kikiwa cha moto na hewa ni safi, ukinzani wake, yaani nguvu yake ya kuzuia umeme usipite, huwa mkubwa. Kikifikiwa na gesi zinazotoka kwenye kitu kinachoungua, ukinzani hushuka. Sisi tunaugeuza mshuko huo kuwa volti inayopanda, tunailinganisha na kiwango tulichokipanga wenyewe, na volti ikikivuka kiwango hicho baza inalia. Nadharia ya kutosha kuanzia kazi ni hiyo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vyote hupatikana katika maduka ya vifaa vya elektroniki, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, na ni vyema ukavinunua vyote kwa safari moja.

- Kihisi cha MQ-2 kitupu, chenye miguu sita.
- Chipu ya LM393 ya kulinganishia volti, yenye miguu minane, pamoja na soketi yake.
- Transista ya BC547, ambayo ndiyo swichi ya kuiwasha baza.
- Baza ya volti 5 inayolia yenyewe. Zipo za aina mbili zinazofanana kwa sura. Mwombe muuzaji aiguse kwenye volti 5 mbele yako, na ikitoa mlio mmoja mrefu ndiyo yenyewe. Ikitoa "tik" na kunyamaza, irudishe.
- Rezista, yaani vizuizi vya umeme: moja ya omu 10,000 (kahawia, nyeusi, machungwa), tatu za omu 2,200 (nyekundu, nyekundu, nyekundu), na moja ya omu 220,000 (nyekundu, nyekundu, njano).
- Rezista ndogo ya kuzungusha kwa bisibisi, ya omu 10,000, iliyoandikwa 103.
- Kapasita ya maikrofaradi 100 ya volti 16, na nyingine ndogo iliyoandikwa 104.
- Diodi ya 1N4007 na taa moja ya LED ya kijani.
- Chaja ya simu ya volti 5 yenye uwezo wa kuanzia miliampia 500, pamoja na waya wa USB usiouhitaji tena.
- Bredibodi ya majaribio (ubao wa matundu wa kuunganishia bila kulehemu), nyaya zake, multimita ya kupimia umeme, chuma cha kulehemu na risasi.

Wengi hununua kihisi kilichokwisha kupachikwa kwenye kibao chenye pini nne. Hakuna ubaya, lakini fahamu kwamba pini ya DO ya vibao hivyo, inayotoa ndiyo au hapana tu, hushuka hadi karibu na sifuri inapotambua moshi, badala ya kupanda, kwa hiyo ukiipeleka moja kwa moja kwenye transista yetu baza italia siku nzima na kunyamaza nyumba inapoungua. Tumia pini ya AO, inayotoa volti zinazopanda na kushuka, uipeleke kwenye mguu wa 3 wa chipu, na uiache ile rezista ya omu 10,000 kwa sababu kibao kina ya kwake.

Kuhusu umeme, swali la betri ya volti 9 nalijibu hapa hapa. Waya wa kupasha moto ulio ndani ya MQ-2 hula takriban miliampia 150 bila kupumzika, usiku na mchana. Cha kwanza nilichotengeneza mimi nilikiwekea betri ya volti 9 pamoja na kipunguza volti, nikakiwasha saa mbili usiku kwa majigambo makubwa mbele ya watu wa nyumbani. Kabla ya saa nne kilikuwa kimezimika. Kibaya zaidi ni kuiunganisha betri hiyo bila kipunguza volti, kwa maana kihisi kimetengenezwa kwa volti 5 tu na kitaungua. Tumia chaja. Matumizi yake ya mwezi mzima hayazidi sana uniti moja.

Hatua za kuunganisha

Usiunganishe kila kitu kwa pamoja halafu ukawasha na kuomba dua. Tunajenga kipande, tunakipima, kisha tunaendelea.

1. Andaa umeme. Kata waya wa USB, umenye, na utafute nyaya mbili za umeme. Kwa kawaida nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi, lakini nyaya za bei rahisi haziheshimu rangi, kwa hiyo pima kwa multimita kabla ya kuamini. Unapaswa kuona volti kati ya 4.9 na 5.2. Chomoa chaja, kisha peleka chanya na hasi kwenye mistari mirefu ya pembeni ya bredibodi. Baadhi ya bredibodi zina mistari iliyokatika katikati; ikiwa yako ni hivyo, iunge kwa kipande cha waya.

2. Weka kapasita ya maikrofaradi 100 kati ya chanya na hasi. Upande wenye mstari mweupe ni hasi. Ukiigeuza huvimba na inaweza kupasuka. Kisha unganisha taa ya LED pamoja na rezista moja ya omu 2,200 kati ya chanya na hasi, mguu mrefu wa LED ukielekea chanya. Itawaka kwa mwanga hafifu, nao unatosha kukuonyesha kwamba umeme upo.

3. Tambua miguu ya kihisi. Kiangalie kwa chini: kuna miguu mitatu upande huu na mitatu upande ule. Miwili ya katikati, mmoja kila upande, ndiyo ya waya wa kupasha moto, na ukiipima kikiwa cha baridi utapata takriban omu 30. Miguu miwili ya nje iliyo upande mmoja imeungana kwa ndani, hivyo ukiipima utapata karibu sifuri. Upande upi uwe wa kuingilia na upi wa kutokea ni hiari yako, kwani kihisi hakibagui. Miguu hii ni minene kwa tundu za bredibodi. Usiilazimishe, bali ilehemu nyaya fupi kwa risasi.

4. Kipashe moto. Peleka mguu mmoja wa katikati kwenye chanya na mwingine kwenye hasi, kisha washa. Baada ya dakika chache kiguse: kinatakiwa kiwe cha vuguvugu. Hilo ni jambo la kawaida, ingawa wapo waliokimbilia kuchomoa wakidhani kuna shoti. Kihisi kipya sasa kiache kikiwaka kwa saa 24 hadi 48 bila kuzimwa. Ukiiruka hatua hii, vipimo vyote utakavyochukua leo vitakuwa vimehama kesho, nawe utamlaumu muuzaji.

5. Toa ishara. Zima. Unganisha miguu miwili ya nje ya upande wa kwanza kwenye chanya. Miguu miwili ya nje ya upande wa pili iunganishe pamoja, kisha kutoka hapo weka rezista ya omu 10,000 kwenda hasi. Makutano hayo ndiyo ishara yetu. Washa, subiri dakika kumi, kisha pima volti kati ya makutano na hasi, na uandike namba unayoiona. Kihisi changu kilitulia kwenye volti 0.8; chako kitakuwa na namba yake, kwa sababu havilingani hata vikitoka boksi moja. Sasa choma kipande cha uzi wa pamba, uzime mwali ubaki ukifuka, usogeze karibu. Volti zikipanda, nusu ya kazi imekwisha.

6. Pachika soketi ya LM393 katikati ya bredibodi, ikiwa imepita juu ya ule mfereji. Ukiielekeza alama ya nusu duara kushoto, mguu wa 1 ni wa chini kushoto, na hesabu inakwenda kulia hadi wa 4, kisha inapanda na kurudi kushoto hadi wa 8. Mguu wa 8 upeleke chanya na wa 4 hasi. Kapasita ya 104 iweke kati ya miguu hiyo, karibu na chipu kadiri uwezavyo. Miguu ya 5 na 6 hatuitumii: ipeleke hasi. Wa 7 uache.

7. Peleka ishara ya kihisi kwenye mguu wa 3. Miguu miwili ya pembeni ya rezista ya kuzungusha ipeleke mmoja chanya na mwingine hasi, na wa katikati upeleke kwenye mguu wa 2 wa chipu.

8. Weka rezista ya omu 2,200 kutoka mguu wa 1 kwenda chanya. Hapa ndipo wanapoanguka wengi. LM393 haiwezi kusukuma umeme nje. Kazi yake ni kuuvuta mguu wa 1 chini au kuuachilia tu, na bila rezista hii hakuna kitakachoupandisha, hivyo baza haitalia kamwe. Anayetoka kwenye chipu ya LM358, ambayo miguu yake imepangwa vile vile, huisahau kwa sababu kule hakuihitaji.

9. Weka rezista ya omu 220,000 kati ya mguu wa 1 na mguu wa 3. Inazuia baza kukwamakwama moshi unapokuwa kwenye mpaka wa kiwango. Hakikisha mstari wake wa tatu ni wa njano. Ukiweka ya omu 2,200 mahali pake, kiwango chako kitavurugika kabisa.

10. Ishike BC547 uso wake bapa ukikutazama na miguu ikielekea chini: kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Emita iende hasi. Besi ipokee rezista ya omu 2,200 iliyobaki kutoka mguu wa 1 wa chipu. Mguu hasi wa baza uende kolekta, na mguu chanya wa baza uende chanya. Diodi iwekwe sambamba na baza, upande wenye mstari ukiwa kwenye chanya. Ukiigeuza, transista itakapofunguka itakuwa imepiga shoti. Kama umepewa transista nyingine "iliyo sawasawa", usiifuate miguu niliyoitaja: C945, kwa mfano, imepangwa emita, kolekta, besi.

11. Kagua kila kitu upya ukiwa umezima, kisha washa. Baza italia mara moja, nawe usishtuke: kihisi kikiwa bado cha baridi ukinzani wake huwa mdogo na saketi huudhania kuwa ni moshi. Kipe dakika chache kitulie.

Kupanga kiwango na kujaribu

Weka multimita kwenye mguu wa 2, kisha zungusha kwa bisibisi hadi upate namba yako ya hewa safi ukiongeza kama volti 0.8. Mimi niliyeandika 0.8 nilipanga 1.6. Usipite volti 3, kwa kuwa chipu hii ikiwa kwenye umeme wa volti 5 huhakikishiwa kulinganisha sawasawa hadi takriban volti 3.5 tu. Mwenye kibao cha AO ataona namba ndogo zaidi, basi na nyongeza yake iwe ndogo. Kipange wakati ambao hewa ni ya kawaida ya nyumba yako. Kihisi hiki huathiriwa na unyevu na joto, na aliyepanga mchana wa kiangazi Dodoma atashangaa akikihamishia Tanga msimu wa masika.

Jaribu kwa uzi wa pamba unaofuka ndani ya kisahani cha udongo, kwanza ukiwa sentimita 30 chini ya kihisi, kisha ukiwa sakafuni na kihisi kikiwa darini, na uwe na ndoo ya maji pembeni. Usijaribu kwa kupulizia gesi ya kiberiti cha gesi moja kwa moja. Kweli kitalia papo hapo, lakini hiyo ni gesi nyingi kupita kiasi, inaweza kukiharibu kihisi, na haikuambii lolote kuhusu moshi.

Ukiridhika, hamishia saketi kwenye kibao cha kulehemu na uitie katika kisanduku cha plastiki chenye matundu mengi, kihisi kikiwa kimechungulia nje. Chaja ibaki kwenye soketi ya ukutani. Kinachopanda darini kiwe ni waya wa volti 5 peke yake, kamwe si umeme wa gridi.

Mahali pa kukiweka

Moshi hupanda, hivyo kiweke darini au juu ya ukuta karibu na dari, lakini si kwenye kona kabisa, ambako hewa husimama na moshi huchelewa kufika. Korido inayoelekea vyumba vya kulala ni mahali pazuri. Jikoni ni mahali pabaya: kitunguu kikianza tu kukaangwa, kelele imeanza. MQ-2 hushtushwa pia na pombe iliyo katika manukato, vitakasa mikono na dawa za kupulizia wadudu, sembuse dawa ya mbu ya kuchoma. Na katika nyumba za Pwani ambako udi na ubani hufukizwa kila Alhamisi jioni, chumba hicho kiache kabisa.

Huulizwa pia kama kimoja kinaweza kulinda moshi na gesi ya kupikia kwa pamoja. Kihisi chenyewe kinaweza, mahali hapawezi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutandaa sakafuni, wakati moshi uko darini, kwa hiyo utahitaji viwili.

Kikigoma

Baza haitoi sauti kabisa. Gusisha kolekta ya transista kwenye hasi kwa waya. Baza ikilia, ni nzima, na tatizo liko nyuma yake: pima mguu wa 1 wa chipu wakati wa moshi. Ukipata karibu sifuri ilhali volti za mguu wa 3 zimezizidi za mguu wa 2, rezista ya hatua ya 8 haipo au haijashika. Ukipata karibu volti 3 na baza bado iko kimya, miguu ya transista imebadilishana.

Baza inalia bila kukoma, hata baada ya nusu saa. Pima miguu ya 2 na 3. Kama wa 2 uko chini, panga kiwango upya. Kama ukizungusha bisibisi volti zinazobadilika ni za mguu wa 3 badala ya wa 2, nyaya za miguu hiyo miwili zimegeuzwa.

Volti za ishara hazisogei hata kwa moshi. Kiguse kihisi. Kikiwa cha baridi, waya wa kupasha moto haupati umeme au umekatika, na kipimo cha hatua ya 3 kitakuonyesha.

Mezani kilifanya kazi, darini hakifanyi. Mara nyingi ni waya mwembamba na mrefu. Mita tano za nyaya nyembamba za USB zinaweza kula karibu volti 0.4 njiani, na kihisi kikabaki na joto pungufu. Pima volti kule juu penyewe. Zikiwa chini ya 4.8, tumia waya mnene zaidi, hata wa spika unafaa.

Kinalia kila umeme unaporudi. Hilo si kosa, ni kile kihisi cha baridi cha hatua ya 11, na huisha chenyewe. Waambie watu wa nyumbani wasije wakakichomoa kwa hasira saa nane usiku. Njia ya kuepuka adha hiyo ni kukipitishia umeme kwenye pawabenki inayoweza kutoa huku inachajiwa, kwani si zote zinazoweza. Yenye miliampia-saa 10,000 halisi itakibeba zaidi ya siku nzima, na wakati umeme umekatika na nyumba imejaa mishumaa, ndipo utakapokihitaji.